Nyumba ya tambarare: tuliyojifunza kwa kujenga kwenye joto na ukame chini ya Kilimanjaro

Wengi wetu wa Machame, Kibosho na Marangu tulio na umri kama wangu hatutajenga kwenye kihamba, shamba la ukoo kule mlimani. Kihamba cha babu kimegawanywa, kikagawanywa tena, na kilichobaki kinatosha migomba, ng'ombe mmoja na makaburi ya ukoo. Kwa hiyo tunashuka. Tunanunua viwanja Bomang'ombe, njia ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), Kahe, Himo. Tukifika huko tunajenga nyumba zilezile tulizozizoea mlimani, au tulizoziona kwenye simu zikiwa zimejengwa Dar es Salaam.

Tatizo ni kwamba mlimani nyumba inapambana na baridi na mvua. Huku chini inapambana na jua, vumbi na ukosefu wa maji. Si jangwa kamili, lakini ukisimama nje ya nyumba yetu mwezi wa Februari, nyasi zimekauka, upepo umebeba vumbi na mbuzi wamejibanza chini ya mgunga, utaelewa kwa nini nilijifunza kutoka kwa watu wanaojenga jangwani kuliko kutoka kwa majirani zangu.

Ninaandika kwa sababu napigiwa simu na watu ambao wameshamwaga jamvi la zege, hata wengine wameshapaua, wanauliza wafanyeje nyumba isiwe tanuri. Kuna ya kufanya, nitayataja. Lakini mengi yanayopoza nyumba hayagharimu hata shilingi yakiamuliwa kabla ya kuchimba msingi, na yanagharimu mamilioni yakiamuliwa baadaye.

Kabla ya kujenga tulipanga Pasua, mjini Moshi. Sebule ilitazama magharibi, bati jekundu, dari ya jipsam iliyozibwa kila upande. Tulitundika kipimajoto ukutani. Februari saa kumi jioni kilisoma nyuzi 34, na saa nne usiku, nje pameshapoa, ndani bado 31. Watoto walilala sakafuni. Feni ilizungusha joto lilelile, na umeme tukalipa. Mume wangu anafundisha jiografia, na ndiye aliyeanza kusema kwamba nyumba ile haikuwa na joto la Moshi, ilikuwa na joto lake yenyewe: bati na ukuta wa magharibi vilikuwa vinakusanya mchana kutwa na kulimwaga usiku.

Tulipopata kiwanja, nusu eka kwenye tambarare ya chini ya Bomang'ombe, hatukumwita fundi. Tulikaa nacho kwanza. Tulikwenda asubuhi, tukaenda saa nane mchana, tukaenda jioni. Jirani yetu, bibi wa Kimaasai aliyeishi pale tangu ujana wake, alitwambia mambo mawili ambayo ramani isingetwambia. La kwanza: "Upepo wa mchana unakuja na vumbi, mwanangu. Wa jioni ni msafi, huo ndio wa kufungulia." La pili alionyesha kwa fimbo bonde dogo kavu lililopita pembeni ya kiwanja: "Hapo pana maji." Nilidhani anasema zamani. Masika ya kwanza, jua likiwaka kwetu, mvua ikinyesha mlimani, maji ya kahawia yalishuka pale kwa kasi ya kubeba mawe. Kuna mtu alikuwa ameweka tofali zake humo. Tafadhali, korongo kavu si kiwanja cha bei nafuu. Muulize mtu aliyezeeka hapo kabla hujalipa.

Sasa jua. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Maana yake jua la saa sita liko karibu na utosi mwaka mzima, linaegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Jua hilo la juu ni rahisi kulikinga: upenu wa paa ukitokeza sentimita 90 unafunika madirisha ya kaskazini na kusini kwa sehemu kubwa ya siku. Jua linalotesa ni lile la saa tisa mpaka kumi na mbili, linaloingia limelala kutoka magharibi, likapita chini ya upenu wowote utakaoujenga. Kwa hiyo nyumba inatakiwa ilale kwa urefu mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi uwe mfupi na uwe na kazi nyingine. Kwetu upande wa magharibi tuliweka stoo, bafu na choo. Vyumba hivyo vinapigwa jua kwa niaba ya vyumba vya kulala.

Barabara yetu iko magharibi. Fundi alipoona tumepima msingi kwa kufuata jua, alisimama kamba mkononi.

"Mama, yaani nyumba itaipa barabara mgongo?"

"Itaipa ubavu, fundi. Sisi ndio tutakaokaa ndani, barabara haitakaa."

Hakuridhika. Watu wa huku wanajenga kwa ajili ya mpita njia, na fundi anajua kazi yake ijayo itatokana na nyumba itakavyoonekana kutoka barabarani. Namwelewa. Lakini kamba ilibaki ilivyo, na kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote tuliyoyafanya, na gharama yake ilikuwa ubishi wa asubuhi moja.

Upepo nao ulikubali. Hapa pepo za msimu, kaskazi na kusi, havitoki kaskazini na kusini kabisa. Vinakuja vikiegemea mashariki, kimoja juu kidogo na kingine chini kidogo. Si ajabu njia ya ndege ya KIA imelazwa mashariki–magharibi. Madirisha ya kaskazini na kusini yanaupokea upepo huo kwa mshazari, na yakiwa yanatazamana ndani ya chumba kimoja, unapita. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipitishi kitu hata dirisha liwe kubwa namna gani.

Na kwenye madirisha niseme jambo moja. Yale ya alumini ya kusukuma pembeni, ambayo sasa kila mtu anataka, yanafunguka nusu tu. Umelipia dirisha zima, umepata upepo wa nusu dirisha. Tuliweka ya mbao yanayofunguka yote, yenye wavu wa mbu, na vibao vya luva juu kwa ajili ya usiku. Yana kazi ya kupakwa rangi, sikatai, na mchwa wa tambarare ni wengi, kwa hiyo mbao zote zilipigwa dawa kabla hazijafungwa.

Kuta ndizo zilizotuchukulia muda na moyo. Tulitaka matofali ya kufungamana, yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakiyahimiza kwa miaka mingi. Sababu yetu ya kwanza ilikuwa kuni: tanuru la matofali ya kuchoma linakula miti, na tambarare hii haina miti ya kutoa. Ya pili ilikuwa uzito. Ukuta mzito wa udongo unapokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku, wakati unaweza kufungua madirisha ukalifukuza. Mahali ambapo mchana ni mkali na usiku unapoa, kama hapa, huo ndio utaratibu unaofaa. Mwarabu wa Misri anajua. Hassan Fathy alipojenga Gourna Mpya karibu na Luxor miaka ya 1940, alirudi kwenye tofali la udongo wakati wenzake wasanifu wakikimbilia zege, na nyumba zake alizipa kuta nene na njia za kunasa upepo.

Udongo wetu wa juu ulikuwa mweusi, ule wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Huo hautengenezi tofali, na haubebi msingi. Tulichimba mpaka tukaukuta moramu, udongo mgumu wa changarawe, chini, na udongo mwekundu wa tofali tukaununua kwa tripu. Kabla ya kununua tripu zote tulipima, na kipimo chenyewe anaweza kukifanya mtu yeyote. Fundi alitengeneza kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Ukakipaka mafuta ndani, ukajaza udongo uliolowana, ukausawazisha na kuuacha kivulini mpaka ukauke kabisa. Ukikauka unasinyaa. Unausukuma wote upande mmoja, unapima pengo lililobaki. Pengo dogo, udongo una mchanga wa kutosha na saruji kidogo inatosha. Pengo kubwa, una mfinyanzi mwingi, utahitaji kuongeza mchanga au saruji. Udongo wa machimbo ya kwanza uliacha pengo la kuingiza vidole vitatu. Tuliuacha. Wa machimbo ya pili uliacha pengo la kidole kimoja, ndio tulioununua. Kisanduku kile cha mbao mabaki kilituokoa tusipoteze fedha nyingi kwa siku chache.

Kundi la kwanza la matofali hata hivyo liliharibika, na wala si kwa sababu ya udongo. Vijana wa mashine walikuwa wanalipwa kwa tofali, kwa hiyo walifyatua na kupanga, wakafyatua na kupanga, juani, upepo ukivuma. Tofali la udongo na saruji linahitaji kubaki na unyevu kwa angalau siku saba ili saruji ifanye kazi yake. Haya yalikauka siku ileile. Nilichukua moja, nikabonyeza kona kwa kidole gumba, ikamomonyoka kama unga mkononi. Nililia, nasema kweli, kwa sababu saruji ile ilikuwa mshahara wa mwezi. Matofali yale yaliishia kuwa kifusi chini ya jamvi. Baada ya hapo tulibadili malipo: nusu ya fedha tofali likifyatuliwa, nusu nyingine likitimiza wiki mbili na kupita jaribio la kudondoshwa kutoka urefu wa kiuno. Na kaka yangu akawa anashusha majani ya migomba kutoka Machame kwa toyo. Tuliyafunika matofali kwa majani hayo, nailoni juu yake, tukayamwagia maji asubuhi na jioni. Hakuna lililomomonyoka tena.

Kuhusu fedha nataka niwe mkweli, kwa sababu matofali haya yanauzwa kwa maneno mazuri mno. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ulitutolea matofali kama 70. Ukuta wa mita moja ya mraba unakula matofali 33 ya ukubwa wa sentimita 30 kwa 10, wakati bloku za kawaida zinatosha 10 hivi. Ukipiga hesabu ya tofali peke yake, akiba ni ndogo au haipo kabisa. Akiba iko kwenye mota ya kuunganishia, kwa sababu matofali yanashikana yenyewe, na kwenye plasta, kwa sababu hukupiga. Ukijenga kwa matofali ya kufungamana halafu ukapiga plasta ndani na nje ili nyumba ionekane ya bloku, umelipa mara mbili. Sisi tulipiga plasta bafuni na jikoni tu. Nje tulipaka varnishi isiyopitisha maji upande unaopigwa na mvua, na upenu mrefu unafanya kazi iliyobaki.

Hapo ndipo maneno ya ndugu yalipoanza. Desemba, watu wote wamepanda nyumbani kwa Krismasi, mjomba alisema mbele ya meza: "Msomi mzima, mume mwalimu, mnajenga nyumba ya udongo?" Mama mkwe alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Huku kwetu nyumba ni heshima ya ukoo, na udongo unakumbusha umaskini ambao wazee wetu waliukimbia kwa kahawa na kwa kusomesha watoto. Sikuwa na jibu la kushinda mezani. Nilichofanya ni kumwalika mama mkwe akae wiki moja mwezi wa Machi, nyumba ilipokamilika. Siku ya tatu alinipigia kazini kuniuliza kama anaweza kubaki mpaka Pasaka.

Paa ndilo linaloingiza joto jingi kuliko kuta, kwa hiyo ukiwa na fedha ya jambo moja tu, iweke juu. Yule msanifu wa Burkina Faso, Francis Kéré, aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, shule yake ya kwanza pale Gando ina bati lililoinuliwa mbali na dari, upepo unapita katikati na kuondoka na joto kabla halijashuka darasani. Sisi hatukuwa na fedha ya paa mbili, lakini wazo tulilichukua. Bati letu ni la rangi nyeupe ya maziwa. Muuzaji alisikitika, akasema linaloondoka ni jeusi la kijivu. Linaloondoka ndilo linalonyonya jua. Chini ya upenu pande zote tuliacha nafasi yenye wavu wa chuma wenye matundu madogo wa kuzuia popo, na kwenye pembe za juu za kuta za mashariki na magharibi tukaacha matundu makubwa. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu. Fundi wa dari alitaka kuziba kila kitu kwa ajili ya unadhifu. Simama naye siku hiyo, usiende kazini.

Na hapa ndipo penye nafuu kwa waliokwisha kujenga. Paa lako jeusi unaweza kulipaka rangi nyeupe ya bati. Kuta za miisho ya nyumba unaweza kuzitoboa matundu juu, chini ya paa. Magharibi unaweza kujenga kibaraza, au kupanda mwarobaini na mijohoro mita chache kutoka ukutani. Inastahimili ukame na ndani ya miaka mitatu minne ina kivuli. Utakuwa umepata nusu ya faida.

Maji nayo. Kiangazi tulinunua boza la lita 10,000 kwa shilingi 150,000, na kufyatua matofali kunakunywa maji vibaya. Ndiyo maana jengo letu la kwanza halikuwa nyumba, lilikuwa jiko la nje na stoo, lenye bati, gata na simtanki la lita 5,000. Vuli ilijaza tenki, tukajengea. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 500 kwa mwaka linaona lita 60,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na 48,000. Kabla ya kujenga nilidhani sisi ni watu wasio na maji. Tulikuwa watu wasio na gata.

Lakini kwa ukanda wetu wa Kilimanjaro, Meru na tambarare zake, maji ya mvua yana thamani nyingine. Maji mengi ya ardhini huku yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Ndiyo ile kahawia unayoiona kwenye meno ya watu waliokulia maeneo haya, na ikizidi sana inafika kwenye mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kwa hiyo kabla ya kuchimba kisima pima maji ya jirani maabara. Sisi tumegawanya: ya kisima cha mtaa ni ya kufulia, kuosha na choo, ya mvua ni ya kunywa na kupikia tu, baada ya kuchemshwa. Watu watano kwa lita 5 kila mmoja ni lita 25 kwa siku. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ni siku kama 150, yaani lita 3,750. Tenki moja la lita 5,000 linawavusha watoto wako miezi yote mikavu bila kugusa maji ya floraidi. Maji ya kwanza ya msimu yaache yamwagike, yanaosha vumbi na mavi ya ndege, kisha ndipo ufungulie tenki.

Umeme wa jua tuliuweka wa taa, simu na feni moja, sina la ziada la kusema. Maji ya kuogea yanakwenda kwenye mashimo ya mipapai.

Kipimajoto cha Pasua tulikuja nacho. Februari iliyopita, nje nyuzi 34, sebuleni kilisoma 28 saa kumi jioni. Machi, upepo ukikata siku mbili tatu, kinapanda mpaka 30 na tunalalamika kama watu wengine. Pia nyumba hii inadai nidhamu: madirisha yanafungwa saa nne asubuhi na kufunguliwa jua likizama. Wageni wanaona ajabu kufunga madirisha kwenye joto, na binti wa kazi ilimchukua muda kuamini. Ukiyaacha wazi mchana kutwa, unaingiza joto na vumbi na kuzipa kuta kazi zisiyoiweza.

Kwa ujumla, mpaka kuhamia, tulitumia kama robo tatu ya makadirio ambayo fundi mwingine alitupa kwa nyumba ya bloku ya vyumba hivyohivyo. Sehemu ya akiba hiyo imekwenda kwenye saruji iliyoharibika na kwenye mbao za madirisha. Iliyobaki tumeitengea tenki la pili, la mawe, lita 20,000, upande wa kaskazini ambako gata kwa sasa inamwaga maji chini. Tunataka liwe limekauka na kupimwa kabla ya masika, kwa hiyo mawe yanashushwa wiki hii.